Anga moja, kompyuta mbalimbali: vijana wetu wanaruka na nani?

Miongoni mwa maswali ambayo wazazi hutuletea, lipo moja ambalo zamani halikuwapo. Kijana amejifungia chumbani, amevaa hedifoni, na mbele yake ipo kompyuta yenye picha ya dirisha la ndege. Anatamka herufi na tarakimu kwa Kiingereza cha haraka, ananyamaza, kisha sauti ya mtu asiyejulikana inamjibu. Mama akimwita chakulani, husema: “Nisubiri kidogo mama, natua.” Mzazi anauliza: huu ni mchezo? Kama ni mchezo, mbona hakuna mshindi? Na huyo anayezungumza naye ni nani, yuko wapi, na anataka nini kwa mwanangu?

Tunaona swali hili linastahili maelezo. Anayesema “zima hiyo kompyuta” hajui anachokizima, na anayesema “mwache, ndiyo mambo ya kisasa” hajui anachokiachia. Juma hili tumependa kulieleza jambo lenyewe kama lilivyo: limetoka wapi, linafanyaje kazi, lina adabu gani, na mzazi asimame wapi. Msomaji asiyeijua kompyuta asituache njiani, kwani hatutamtaka ajue zaidi ya kusoma saa na ramani.

Anga tupu na anga yenye watu

Programu za kuigiza urubani hazikuanza jana. Mmarekani Bruce Artwick aliitunga programu yake ya kwanza ya kompyuta za nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikatoa toleo lake kwa kompyuta za IBM. Picha zake zilikuwa mistari michache: mstari wa upeo wa macho, mistari ya njia ya kurukia, na saa chache za vipimo. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja X-Plane, kazi ya Austin Meyer, naye pia ni Mmarekani. Mwishoni mwa muongo huohuo watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wakaanza kuitunga FlightGear, ambayo mpaka leo hutolewa bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Zote hizo zilikuwa na upungufu mmoja. Anga yake ilikuwa tupu. Rubani alipaa peke yake, akasafiri peke yake, akatua katika uwanja usiokuwa na mtu. Aliweza kukata kona mbele ya ndege nyingine bila ya kumkosea yeyote, kwa kuwa hapakuwa na yeyote. Ni kama mtu anayejifunza kuendesha gari uwanjani usiku: atajua usukani na breki, lakini hatajua barabara, kwa sababu barabara ni watu.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 wapenzi wa programu hizi wakapata njia ya kuziunganisha kompyuta zao kwa intaneti. Mmoja akawa rubani, mwingine akakaa mbele ya kioo kinachofanana na rada akawa mwongozaji wa ndege. Kutokana na juhudi hizo zikazaliwa jumuiya mbili kubwa ambazo zipo hadi leo: IVAO mwaka 1998 na VATSIM mwaka 2001. Zote mbili hazitozi ada. Waongozaji wake ni watu wa kujitolea, waliosomeshwa na watu wa kujitolea na kupewa mtihani kabla ya kukabidhiwa masafa ya redio. Viwanja vyetu vimo humo kwa alama zake za kweli: HKMO ni Mombasa, HKJK ni Nairobi, HTDA ni Dar es Salaam, HTZA ni Zanzibar. VATSIM ina hata tawi linaloshughulikia Afrika iliyo kusini mwa Sahara.

Kila mtu na dirisha lake

Sasa tufike katika jambo lililotufanya tushike kalamu. Watu hawa wanaokutana angani hawatumii programu moja. Januari mwaka 2009 Microsoft iliifunga idara yake iliyokuwa ikitunga programu ya urubani, na watumiaji wakatawanyika. Wengine walibaki na toleo la mwaka 2006. Wengine wakahamia Prepar3D, ambayo kampuni ya Lockheed Martin iliitengeneza baada ya kununua haki ya msingi ule wa Microsoft. Wengine wakaenda X-Plane. Microsoft ilirudi uwanjani Agosti mwaka 2020 kwa toleo lililotungwa na Asobo Studio ya Ufaransa, lenye picha za satelaiti za dunia nzima, na likafuatiwa na jingine Novemba mwaka 2024.

Tofauti ya gharama kati ya programu hizi si ndogo. Toleo la mwaka 2020, lilipouzwa Ulaya likiwa ndani ya kasha, lilijaza diski 10 za DVD, na juu ya hapo huendelea kuvuta picha za ardhi kutoka katika intaneti wakati ndege ikiwa safarini. Kwa nyumba inayonunua bando la wiki, hilo ni jambo la kuhesabiwa. Kwa upande mwingine, FlightGear hupatikana bila ya senti moja, na toleo la mwaka 2006 hufanya kazi katika kompyuta ambazo maofisi yameshaziuza kwa bei ya kutupa.

Mzazi mwenye akili ya biashara atadhani kwamba mwenye kompyuta ya zamani hawezi kuruka na mwenye kompyuta mpya, kama ambavyo kaseti haiingii katika mashine ya diski. Kumbe anaweza, na sababu yake inapendeza kuijua.

Wanapokutana angani, kompyuta zao hazitumiani picha. Hutumiana tarakimu chache tu: latitudo, longitudo, mwinuko, kasi, uelekeo, namna pua na mabawa yalivyoinama, pamoja na alama ya aina ya ndege na ya shirika lake. Seva hupokea tarakimu hizo na kuwapelekea walio jirani. Kisha kila kompyuta huzichora kwa wino wake yenyewe. Ipo programu ndogo ya kuunganisha ambayo hukaa kati ya programu ya urubani na seva, mfano wa mkalimani. Kwa watumiaji wa Microsoft iko vPilot, kwa watumiaji wa X-Plane iko xPilot, na iko nyingine iitwayo swift inayohudumia programu kadhaa, FlightGear ikiwamo.

Kwa hiyo kila mmoja humwona mwenziwe kwa namna alivyojaaliwa na mashine yake. Kijana anayerusha ATR 72 yenye rangi za Precision Air huenda akaonekana kwa jirani yake kama ndege nyingine ya propela yenye rangi za shirika la mbali, kwa kuwa kompyuta ya jirani haina mchoro huo na imechukua ulio karibu nao. Jengo la tatu la abiria la Uwanja wa Julius Nyerere lilifunguliwa mwaka 2019, na toleo la mwaka 2006 halikuweza kulijua. Mwenye toleo jipya ataegesha ndege yake mbele ya jengo, na mwenye toleo la zamani atamwona ameegesha porini. Hata urefu wa ardhi haulingani baina ya programu hizi, na ndege iliyotulia vizuri juu ya lami huonekana kwa mwingine ikielea futi kadhaa hewani, au imezama mpaka kwenye mabawa.

Zamani hata mwendo ulikuwa wa kurukaruka. Kwa miaka mingi katika VATSIM mahali pa ndege palitangazwa mara moja kila baada ya sekunde 5. Sekunde 5 ni kitambo kidogo kwa anayesubiri chai. Ndege ya abiria iliyo juu katika mwendo wake wa kawaida, katika sekunde hizo 5 huwa imekwenda zaidi ya kilomita 1. Kompyuta ya jirani ililazimika kukisia ilipofika, na ilipokosea ndege ilionekana kushtuka na kurudi mstarini. Mwaka 2022 mfumo ulibadilishwa, na walio karibu wakaanza kupashana habari mara kadhaa katika sekunde moja.

Kosa lililo sawa kwa wote

Mtu atauliza: ikiwa kila mmoja anaona lake, basi wanakubaliana katika nini? Jibu la swali hilo ndilo lililotuvutia katika habari yote hii, na limechukuliwa kutoka katika urubani wa kweli.

Kipimamwinuko cha ndege hakipimi umbali wa kutoka ardhini. Kinapima kanieneo ya hewa, yaani uzito wa hewa iliyo juu yetu, ambao hupungua kadiri mtu anavyopanda. Tatizo ni kwamba uzito huo hubadilika kwa mahali na kwa saa. Hewa ya Mombasa asubuhi si sawa na ya Nairobi alasiri. Karibu na uwanja rubani huambiwa kipimo cha hewa ya pale, akakiweka katika saa yake. Akishapanda juu ya kiwango maalumu, huacha vipimo vya mahali, na marubani wote wa njia hiyo huweka namba moja: hektopaskali 1013.

Namba hiyo ni nadra kuwa kweli ya mahali wanapopita. Kwa maana hiyo kila rubani aliye juu ana kipimo chenye kosa. Lakini kwa kuwa wote wameweka namba ileile, kosa la huyu ni sawasawa na kosa la yule, na nafasi iliyo baina yao inabaki sahihi. Usalama wao umejengwa juu ya makubaliano. Hatari ni yule mmoja aliyesahau. Hektopaskali 1 ni kama futi 30. Aliyebaki na kipimo cha 1003 wakati wenziwe wako katika 1013 amekosana nao kwa takriban futi 300, na nafasi inayotenganisha ndege mbili zinazopishana juu na chini kwa kawaida ni futi 1,000 tu. Hajui kwamba ameshaila karibu theluthi ya nafasi ya mwenziwe, na saa yake inamwambia kwamba yuko barabara kabisa.

Jambo hili lilijitokeza lenyewe katika anga ya kompyuta. Toleo la Microsoft la mwaka 2020 lilihesabu joto la hewa katika mwinuko, wakati programu nyingine hazikufanya hivyo. Marubani wawili walioambiwa wakae katika kiwango kimoja, kila mmoja akiwa mtiifu, walijikuta wametofautiana kwa mamia ya futi, na katika anga za juu siku ya joto hata kupita futi 1,000. Mwongozaji akimwona mmoja amepotoka, na yeye akiangalia saa yake, anaona hakupotoka. Hakuna aliyesema uongo. Watunzi wa programu za kuunganisha walilazimika kuleta marekebisho ili wote warudi kwenye kipimo kimoja.

Tunawaomba wazazi walitafakari hilo kwa ajili ya watoto wenyewe. Kijana aliyekwishapitia hali hii amejifunza kwamba mtu anaweza kuwa mkweli na bado asikubaliane na mwenziwe, kwa sababu kila mmoja anasoma kipimo chake. Swali la kwanza analozoea kuuliza ni “umeweka kipimo gani?” kabla ya kusema “wewe muongo.” Zipo ndoa na zipo shirika za biashara ambazo zimevunjika kwa kukosa swali hilo.

Adabu ya kusema kwa zamu

Wahenga wetu walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Angani kila ndege ina nahodha wake, na masafa ya redio ni mamoja. Wanaelewanaje?

Kwanza, anayesema husema kwa ufupi, na mwenziwe hawezi kusema wakati huohuo. Wakibonya wote wawili, hasikiki mmoja, bali hutoka mlio mbaya masikioni mwa kila aliye katika masafa. Mfumo wa sauti ulioanza kutumika VATSIM mwaka 2019 huuigiza hata mlio huo. Pili, rubani akipewa maelekezo hayamalizi kwa kusema “nimesikia”. Huyarudia kwa maneno yake tarakimu kwa tarakimu, na mwongozaji husikiliza marudio hayo ili arekebishe palipokosewa. Utaratibu huu ndio unaowafanya vijana waonekane kama wanakariri.

Anayeona kuwa hayo ni mbwembwe akumbuke tarehe 27 Machi mwaka 1977. Katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana katika njia ya kurukia na wakafariki watu 583. Ukungu ulikuwa mzito, mnara haukuziona ndege, na ndege hazikuonana. Rubani mmoja aliamini amekwisha kuruhusiwa kupaa. Katika dakika ya mwisho jumbe mbili zilitolewa kwa pamoja katika masafa yaleyale, zikafunikana, na maneno ambayo yangeokoa watu hayakusikika sawasawa. Baada ya msiba ule lugha ya redio ilikazwa: neno la kupaa likazuiwa kutamkwa ila pale ruhusa yenyewe inapotolewa au inapofutwa. Kanuni hiyo ndiyo anayoifuata kijana wa miaka 15 akiwa chumbani kwake. Imeandikwa kwa msiba wa watu, na yeye anaitumia bila gharama ya damu.

Zipo kanuni nyingine ambazo mzazi atafurahi kuzijua. VATSIM haipokei mtoto aliye chini ya miaka 13. Kila mtu ana akaunti moja tu, na anayefungiwa kwa utovu wa adabu haruhusiwi kurudi kwa jina la bandia. Ni marufuku kuigiza utekaji wa ndege. Anayejifanya amepatwa na dharura, mwongozaji akimtaka aache kwa kuwa kazi imezidi, lazima aache. Na hairuhusiwi kuiacha ndege ikiwa imeunganishwa bila ya mtu kwa zaidi ya dakika 30, hata kama inajiendesha yenyewe, kwa sababu wengine wanahesabu kwamba upo.

Asiyeweza kusikia au kusema hakufungiwa mlango. Katika mpango wake wa safari huandika alama ya kuwa anatumia maandishi tu, na mwongozaji humwandikia kila agizo. Tumeona mikusanyiko mingi ya watu wazima ambayo haijafikiria kumwekea kiziwi nafasi kama hiyo.

Na pale ambapo hakuna mwongozaji aliye kazini, kama ilivyo mara nyingi katika anga yetu ya Afrika Mashariki, marubani wa VATSIM huhamia masafa ya 122.800, na kila mmoja hutangaza mwenyewe: niko hapa, nakuja kutua njia fulani, nimeshaondoka njiani. Hakuna anayewasimamia. Mwenye kutaka kujua tabia ya mwanawe amtazame katika saa hiyo.

Mambo ya kuchunga

Hatusemi haya ili kulipamba jambo. Lina mipaka, na ni amana kuitaja.

Saa za kuruka nyumbani hazihesabiwi katika leseni ya urubani, ziwe 10 au 1,000. Mashine za kujifunzia zinazotambuliwa na mamlaka za usafiri wa anga ni nyingine, na hukaguliwa. Kijana anayeifahamu lugha ya redio na kusoma ramani za anga atakuwa na mwanzo mzuri akifika chuoni, lakini mwili wake haujaonja mtikisiko wala uzito wa kona kali, na ndani ya chumba hakuna woga. Asidanganywe na mtu kwamba ameshakuwa rubani, wala asijidanganye.

Wakati nao ni mali. Safari ya kutoka Nairobi hadi London huchukua zaidi ya saa 8 katika kompyuta kama inavyochukua angani, kwa sababu katika mitandao hii ndege huenda kwa saa za kweli. Mwanafunzi aliye na mtihani hana saa 8 za kutoa. Lakini safari ya kutoka Mombasa hadi Zanzibar, ambayo ni takriban kilomita 240, kwa ndege ndogo aina ya Cessna 172 ni saa moja na dakika chache, na ndani yake yamo mambo yote: kupanga njia, hali ya hewa, kupaa, kukiacha kisiwa cha Pemba upande wa kushoto, na kutua. Mzazi na wapatane na mwanawe juu ya urefu wa safari kabla injini haijawashwa.

Wakishapatana, mzazi naye aheshimu mapatano. Kumzimia kijana kompyuta ghafla akiwa katika foleni ya kutua ni kumwondoa mtu mstarini wenziwe wakiwa wamejipanga nyuma yake. Na ikiwa amejiandikisha kuwa mwongozaji kwa zamu ya saa mbili, wapo watu waliopanga jioni yao kwa neno lake. Ahadi ni ahadi, hata kama aliowaahidi hatuwaoni. Kijana naye ajue kwamba wa nyumbani wana haki iliyotangulia: asijiandikishe zamu katika saa za chakula, za masomo au za kumtazama mgonjwa, kisha akasema wageni wananingoja.

Sauti anazozisikia ni za watu wa kila aina. Masafa ya redio yanasikika na wote na yana wasimamizi, na hilo ni ulinzi mzuri. Ujumbe wa faragha wa mtu kwa mtu hauna ulinzi huo. Kijana afundishwe kutotoa anwani ya nyumbani, jina la shule wala picha kwa mtu ambaye ujuano wao ni wa masafa tu, na amwambie mzazi mara moja anapoombwa vitu hivyo. Kompyuta ikae sebuleni au chumba chenye mlango wazi, kwa mvulana na kwa msichana pia. Na tunasema msichana kwa kusudi, kwani wapo mabinti wanaopenda hesabu na ramani kuliko kaka zao, na hedifoni haichagui kichwa.

Liko pia suala la nakala za wizi. Madukani na mikononi mwa watu huzunguka diski za programu hizi zilizonakiliwa bila ruhusa. Waliozitunga ni wafanyakazi wenye familia, na jasho lao ni haki yao. Kwa kuwa FlightGear ipo kwa halali na kwa bure, hakuna anayeweza kusema alilazimika.

Ndugu walio mbali

Tumalizie kwa faida ambayo tunaona haijatumiwa ipasavyo. Familia nyingi za pwani yetu zina ndugu Muscat, Dubai, London na Toronto. Watoto wa ndugu hao hukutana likizo moja katika miaka mitatu, huonana aibu siku mbili, na wanapoanza kuzoeana ndege ya kweli inawachukua. Simu za video haziwasaidii sana, kwani watoto hawana la kusemezana baada ya “hujambo”. Watoto huzoeana kwa kufanya kitu pamoja.

Kwa kundi dogo la jamaa wasiotaka kuingia katika mtandao mkubwa, iko programu ya bure iitwayo JoinFS, ambayo huwakutanisha watumiaji wa matoleo mbalimbali ya Microsoft, Prepar3D na X-Plane bila ya waongozaji wala mitihani. Wenye FlightGear wanazo seva zao za kuruka pamoja, au hupita kwa swift katika mtandao mkubwa wakishatimiza umri. Binamu wa Muscat mwenye mashine ya fahari ataiona Lamu kwa picha ya satelaiti, mikoko na mchanga. Binamu wa Mombasa mwenye kompyuta ya ofisi iliyostaafu ataona rangi ya kijani na rangi ya buluu. Wote wawili watakuwa wanaruka kuelekea Manda, bawa kwa bawa, na aliye na picha hafifu huenda ndiye akawa kiongozi wa njia, kwa kuwa yeye aliisoma ramani na mwenziwe alikuwa akitazama mandhari.

Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe anamsumbua kwamba bila ya kompyuta mpya hawezi kuruka na wenziwe, sasa ana jibu. Ajaribu kwanza kwa iliyopo. Asome kanuni, asikilize masafa siku kadhaa bila ya kusema, aanze katika uwanja mtulivu kabla ya kwenda kwenye msongamano, ajifunze kurudia agizo tarakimu kwa tarakimu. Baada ya miezi 6, ikiwa bado anaheshimu saa za nyumbani na zamu za wenziwe, ndipo yazungumzwe mambo ya kununua. Mashine bora humwonyesha mawingu mazuri zaidi. Kuweka 1013 pale wenziwe walipoweka 1013 ni jambo analoweza kulianza leo kwa mashine aliyonayo.